Bismarck kwenye Barza ya Muzee Anselmi

Mama Feza, mjane wa Muzee Anselmi, alizikwa mvua ikinyesha, na mimi sikuwahi. Njia ya Rutshuru ilikuwa imefungwa tena, tukalala siku mbili Kanyabayonga ndani ya gari iliyojaa vitunguu, na nilipofika Goma watu wa matanga walikuwa wamebaki wachache, wameketi chini ya shitingi, turubai la plastiki lililofungwa juu ya ua wa mawe meusi. Nyumba niliyoifahamu haipo. Iko chini ya miguu yetu, chini ya lava, na hii ya sasa wajukuu wameijenga juu yake. Niliketi, nikapewa chai, nikawa natafuta kwa macho mahali ambapo barza, ile veranda ya mbele, ilikuwa. Kijana mmoja mrefu, mjukuu, akaja akachuchumaa mbele yangu. “Ni weye mama mwenye alikuwaka anasomea babu ile kitabu ya masuwa ya vita?” Nikasema ni mimi niliyemsomea kitabu cha meli ya vita. Akawaita wenzake, wakavuta viti vya plastiki, wakataka niwasimulie. Basi nikawasimulia habari za mizinga, uzito wa chuma, ndege zilizoruka chini juu ya mawimbi, na walifurahi kama vijana wanavyofurahia vita vya mbali. Habari ya mlango sikuwaambia. Nilikunywa chai yangu mpaka majani ya mwisho, na njiani kurudi Butembo nikaamua kuiandika, kwa sababu aliyebaki wa kuijua ni mimi peke yangu.

Ilikuwa mwaka wa shule ulioishia quatre-vingt-quatorze, tisini na nne. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nikimaliza sekondari, na nilipewa chumba katika nyumba ya Muzee Anselmi, si mbali na bandari. Chumba chenyewe kilikuwa cha kitanda kimoja na dirisha dogo lililotazama ukuta wa jirani. Ukuta ulinuka chokaa, na asubuhi ulinuka sambaza, kwa maana wanawake waliorudi na samaki hao wadogo kutoka ufukweni walipita hapo na kutua beseni zao wapumzike. Kazi yangu katika nyumba ile ilikuwa moja: kila siku baada ya shule na chakula, nimsomee muzee kitabu. Alikuwa mekanisia, fundi wa mashini, wa meli za ziwani, zile za kwenda Bukavu na kurudi, kwa zaidi ya miaka ishirini, kisha ugonjwa wa macho ukamfungia dunia kidogo kidogo mpaka ikazimika kabisa. Kitabu aliachiwa na injinia Mbelgiji aliyemfundisha mashini. Kilikuwa kizito kama tofali, kurasa zake nene, na pembe zote zilikuwa na alama za vidole vyenye mafuta. Kilihusu manowari moja tu ya Wajerumani, Bismarck, tangu siku ilipoanza kuundwa Hamburg hadi siku ilipozama.

“Kila buloni, kila musumari ya hii masuwa nilishaiona mu picha, wakati macho yalikuwa ingali nzima,” aliniambia siku ya kwanza, kitabu kikiwa mapajani mwake kama mtoto aliyelala. “Lakini Kifaransa yangu ni ya mashini. Ouvrez, fermez, attention: fungua, funga, angalia, basi. Najua ilizama. Namna gani ilizama, sijue. Kila mwenye alinisomeaka alichoka mbele ya kufika mwisho.”

“Mimi sitachoka, muzee.”

“Basi utaniazima macho,” akasema. “Lakini unisomee yote. Usiruke kitu.”

Tulikaa kwenye barza, yeye kwenye kiti cha mbao chenye mikono mipana, mimi kwenye kigoda, Mama Feza kwenye mkeka akichagua maharagi. Nilisoma sentensi kwa Kifaransa, kisha nikaigeuza Kiswahili. Maneno yaliponikosa, muzee alinisaidia kwa ya kwake: nikisema sehemu ile ya nyuma inayoigeuza meli, yeye alisema usukani, bamba nene la ubavuni tukaliita nguo ya chuma. Tulikwenda polepole. Tulitumia wiki nzima kwenye ujenzi tu, na sikuwahi kuona mtu akisikiliza habari za misumari kwa raha namna ile. Mama Feza alijifanya hana habari na sisi, lakini nikifunga kitabu alikuwa na swali lake tayari. Tulipofika mahali ambapo Bismarck ilipambana na manowari kubwa ya Waingereza, na ile ya Waingereza ikalipuka, ikapasuka na kuzama upesi sana, watu zaidi ya elfu moja na mia nne wakaenda nayo, wakaokoka watatu, Mama Feza aliacha maharagi. “Tatu? Na bibi za bale bengine, nani alibaambia?” Kitabu hakikusema. Muzee naye alikuwa na swali moja ambalo hakuliacha tangu mwanzo mpaka mwisho: “Na batu ba mashini? Benye balikuwa chini? Kitabu inasema nini juu yabo?” Kila mara nilipekua kurasa, na kila mara nilikuta makapteni, maadmirali, na mizinga. Watu wa chini walitajwa kwa hesabu tu. “Ni vile,” alisema. “Hata ku ziwa yetu ilikuwa vile.”

Nikiikumbuka miezi ile najishangaa kwa furaha niliyokuwa nayo. Shuleni walimu walikuwa hawalipwi, redioni habari za mauaji ya ng'ambo ya mpaka zilizidi kuwa mbaya tangu mwezi wa nne, na katika mtaa wa Birere, hatua chache tu kutoka mpakani, wafanyabiashara walikuwa wamepunguza sauti zao. Nilipita hapo kila siku na daftari kifuani, na kichwani mwangu kulikuwa na bahari ya kaskazini. Nilijiona msomi. Nilijiona mtu wa lazima katika nyumba ile. Muzee alikuwa akiniuliza kila kitu: mawingu yamekaaje, nani anapita, paka amelala wapi, Mama Feza amenuna au anacheka. Nikimjibu, aliamini. Hakuuliza mara mbili hata siku moja.

Mwezi wa sita tulifika kwenye torpedo, lile kombora la chini ya maji. Bismarck ilikuwa ikikimbilia pwani ya Ufaransa, karibu kabisa kuponyoka, ndipo ndege ndogo za kizamani za Waingereza zikaja jioni katika upepo mkali, na torpedo moja ikapiga nyuma, ikaukwamisha usukani. Meli kubwa vile, mashini zake zote nzima, ikawa inazunguka tu, haiwezi kwenda inakotaka. Muzee alinisomesha ukurasa huo mara tatu. Mara ya tatu alisimama, akashika nguzo ya barza. “Mashini zote zilikuwa zinatembea?” Nikasema zote. “Ee Mungu,” akasema. “Hii ni kufa mbaya. Batu ba chini banaona kazi yabo iko sawa, banatia nguvu, na masuwa inabarudisha kwa adui.” Siku hiyo hakula sambaza wake. Tukakubaliana mwisho tutausoma baada ya mtihani wangu wa Serikali, ili niwe na akili iliyotulia.

Mtihani nilimaliza. Siku chache baadaye, tukiwa bado tunakunywa chai ya asubuhi, muzee aliinua kichwa. “Ni mvua?” Jua lilikuwa linawaka. Nilitoka nje ya mlango wa ua, ule wa mabati, nikaenda hadi barabara kubwa, nikarudi nikiwa sina pumzi. “Hapana, muzee. Ni miguu. Ni batu.” Walikuwa wakimbizi, wakija kutoka mpakani, barabara imejaa ukingo hadi ukingo, na magodoro, masufuria, mbuzi, baiskeli, wazee wamebebwa migongoni, na karibu hakuna aliyekuwa akisema neno. Kilichosikika ni nyayo tu. Siku zile zote za kwanza sauti ile haikukoma. Muzee alituambia tufungue mlango, na kabla ya saa sita walikuwa wamelala uani kwetu watu kumi na mmoja. Mama Feza aliwapikia viazi. Mimi nilichota maji na kujisikia mwema.

Kisha kolera, kipindupindu, ikaja. Kati ya wale kumi na mmoja alikuwepo seremala mmoja mpole, aliyefika na msumeno wake umefungwa kwa kitenge. Asubuhi moja alitapika, mchana macho yake yalikuwa yamezama ndani, na kabla ya jioni alikuwa amekufa. Hatukuweza kumzika. Goma ni jiwe. Jembe linaruka na kutoa cheche. Ndugu zake walimviringisha kwenye mkeka wakamlaza kando ya barabara pamoja na wengine, wakisubiri camion, lori la maiti, ipite. Mimi ndiye niliyesugua sementi aliyokuwa ameilalia. Nilimwaga javel, dawa kali ya kusafishia, mpaka machozi yakanitoka, nikasugua, nikarudia, nikanawa mikono mpaka ngozi ikapasuka. Wale kumi waliobaki walielekezwa kwenye kambi ya Kibumba, wakaondoka na msumeno wake. Tulifunga mlango wa mabati. Mama Feza alisema maji yote yachemshwe, na pipa lililokuwa barzani lisiguswe na mtu ila mimi na yeye.

Mchana uliofuata, Mama Feza alikuwa ameenda ziwani na bidoni zake mbili za kuchotea maji. Muzee alikuwa kitini. Nilikuwa karibu na mlango, nikianika nguo, niliposikia kidole kinagonga bati. Si kwa nguvu. Nilichungulia kwenye tundu la msumari. Alikuwa mwanamke wa umri wa dada yangu mkubwa, kitambaa cha bluu kichwani, mtoto mgongoni na mwingine amesimama ameshika sketi yake. Alileta mdomo karibu na tundu kana kwamba alijua nipo. “Mama,” aliniita, mimi niliyekuwa mtoto tu, “maji kidogo. Ya huyu tu.”

Nilimtazama yule aliyesimama. Macho yake yalikuwa yamezama ndani, kama ya seremala.

“Kavira!” muzee aliita kutoka barzani. “Kuko mutu ku mulango?”

Sikufikiri. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama nilifikiri, ili angalau niwe na hoja ya kujitetea, na hakuna. Niligeuka nikaegemeza mgongo wangu kwenye bati, nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ileile niliyokuwa nikimsomea: “Hapana, muzee. Ni mbuzi ya jirani, inajikwaruza.”

 Nilihisi bati likigongwa tena mara moja, nyuma ya mabega yangu, chini chini. Kisha hakuna. Yule mwanamke alinisikia; hakukuwa na ukuta kati yetu ila bati. Alisikia akiitwa mbuzi, na hakupiga kelele, hakunilaani, hakumwita mwenye nyumba. Muzee alikohoa. “Sawa,” akasema.

Nilikaa hapo muda ambao siwezi kuupima. Nilipofungua, njia ilikuwa na watu wengi, ila kitambaa cha bluu sikukiona. Kwenye vumbi lililoshika bati kulikuwa na alama ya kiganja kidogo cha mtoto, kwenye kimo cha paja langu. Niliifuta kwa ncha ya kitenge changu. Mama Feza aliporudi nilimuuliza kama amekutana na mwanamke mwenye watoto wawili. Alitua bidoni, akanitazama. “Weye uko na akili? Nimekutana na banamuke elfu.”

Mwezi wa nane, kolera ilipoanza kupungua, muzee aliomba kitabu. Nilikuwa nimetafuta visingizio mpaka vimekwisha. Tukaketi kama zamani. Nikasoma jinsi asubuhi ya mwisho Waingereza walivyoizunguka Bismarck wakaipiga mpaka haikuwa na mzinga wa kujibu, jinsi watu wake wenyewe walivyofungua njia za maji ili ishuke, na jinsi ilivyopinduka na kuzama. Mamia ya mabaharia walibaki majini, katika mafuta na baridi. Nikafika pale meli moja ya Waingereza ilipokuja kuwaokota. Waliteremsha kamba, Wajerumani wakawa wanapanda. Nikafungua ukurasa, nikaona kinachofuata kabla ya kukisoma, nikaweka kidole kwenye mstari.

“Endelea,” muzee akasema.

Ningeweza kuruka. Ningeweza kusema wakawaokota wote, kitabu kimekwisha. Nilisoma. Nilisoma kwamba mtu fulani kwenye ile meli alidhani ameona alama ya nyambizi, wakaogopa, wakawasha mashini na kuondoka. Wengine walikuwa bado wameshika kamba. Kati ya watu zaidi ya elfu mbili, walioletwa nchi kavu walikuwa mia moja na kidogo.

“Balibaacha,” alisema Mama Feza kutoka mkekani.

“Baliogopa,” alisema muzee. “Kama nyambizi ilikuwa kweli, bangekufa bote. Kavira, sauti yako iko namna gani? Uko unalia?”

Nikamwambia. Nilimwambia yote mbele ya Mama Feza: kitambaa cha bluu, macho ya mtoto, mgongo wangu kwenye bati, kiganja nilichokifuta. Nilimwambia kwamba nilimwazima macho yangu, kisha nikayafumba. Mama Feza alifunika mdomo kwa mikono miwili.  Vidole vya muzee vilikuwa vinapapasa ukingo wa kiti, mbele na nyuma, kama mtu anayetafuta ufa.

“Ile wiki,” akasema hatimaye, “hakukuwa mbuzi hata moja mu kartie, mu hii mutaa yote. Jirani alikuwa amechinja ya kwake tangu siku ya pili. Nilisikia ikilia.”

Sikumwelewa mara moja.

“Nilijua, mutoto yangu. Nilijua palepale kama ni mutu. Ningesimama, ni hatua kumi mpaka mulangoni, naihesabu kila siku.” Akapapasa tena ukingo wa kiti. “Na mimi nilimuogopa seremala. Nilitaka ikuwe mbuzi. Weye ulinipa mbuzi, na mimi niliipokea.”

 Kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba maneno yale yalinipunguzia mzigo. Ukweli ni kwamba kabla ya hapo nilikuwa na kosa langu. Baada ya hapo nilikuwa na langu na la mtu niliyempenda, na lake liliniuma zaidi, kwa sababu mimi ndiye niliyemwekea mlangoni. Kama ningesema neno moja la kweli, nadhani angesimama. Aliogopa, lakini nadhani angesimama.

Kesho yake asubuhi nilimkuta anahesabu hatua zake kuelekea mlangoni, kiti kimeegemea nyonga yake. Alimwita fundi aling'oe bati lote la mlango, akaketi pale uwazini, bidoni ya maji yaliyochemshwa kulia kwake, kikombe cha bati kushoto. Watu walikuwa bado wanapita, wengine wakitoka kambini kwenda sokoni, wengine wakitafuta ndugu. Aliwajazia kikombe akipima kwa ncha ya kidole kilichokunjwa juu ya ukingo, na baada ya kila mmoja alitaka kikombe kioshwe kwa maji ya moto. Kazi ya kuosha ilikuwa yangu. Na kila aliposikia sauti ya mwanamke na ya mtoto pamoja, aliuliza: “Mama, ulishafikaka hapa siku ingine? Mulango ilikuwa ingali na bati?” Walisema hapana. Wote walisema hapana, wakashukuru, wakaenda. Kitabu kilibaki ndani juu ya kabati. Hakukiomba tena, na mimi sikukishika.

Siku yangu ya mwisho kabla ya kurudi Butembo, alifika mwanamke aliyebeba kuni kichwani, mtoto mmoja kiunoni. Alikuwa mnene, mweupe wa uso, na sauti nzito. Hakufanana kwa lolote na yule wa kitambaa cha bluu. Muzee alimpa maji, akauliza swali lake. Mwanamke alimtazama kwa muda, akayatazama macho yake, akautazama mkono wake uliokuwa ukingoja juu ya bidoni.

“Ndiyo, papa,” akasema. “Nilifika. Nilikuta mulango imefungwa. Lakini tulipata maji mbele kidogo. Batoto ni bazima.”

Sijapata kuona uso wa mtu ukifunguka namna ile. Muzee alinigeukia, kinywa wazi, akapapasa hewani mpaka akaushika mkono wangu. “Kavira. Kavira, ni yeye?”

Nilikuwa nimeapa kwamba sitamdanganya tena. Nilikuwa na miaka kumi na minane, na kiapo kilikuwa kitu pekee nilichokuwa nacho. “Hapana, muzee,” nikasema. “Si yeye.”

Aliuachia mkono wangu taratibu. “Sawa,” akasema, kwa sauti ileile ya siku ile, akakijaza kikombe tena, akampa mtoto. Muzee alikufa wakati wa vita vilivyofuata, nami sikuwa nimerudi Goma. Mama Feza alinieleza baadaye kwamba hadi wiki ya mwisho alikuwa akiuliza wapita njia. Yule mwanamke alisubiri mtoto anywe, akapandisha kuni zake vizuri kichwani. Nilimsindikiza hatua chache hadi njiani, sijui kwa nini, labda nilitaka aniambie kwamba nimefanya vema. Alisimama, akanitazama bila hasira.

“Dada,” akasema, “ungemuachia tu.”